Msifunge Grupu Baada ya Operesheni

Jameni, kuchanga tunajua. Mtu akihitaji operesheni ya moyo, grupu ya WhatsApp inafunguliwa, namba ya M-Pesa inazunguka, pesa inapatikana. Akitoka hospitali tunapiga picha, tunashukuru Mungu, halafu grupu inafungwa. Nani aliwaambia kazi imeisha?

Baada ya operesheni ya moyo, takriban mgonjwa 1 kati ya 3 moyo wake huanza kwenda mbio au kupiga ovyo ovyo, mara nyingi siku ya 2 hadi ya 4. Wengi hutulia. Lakini ikirudi akiwa nyumbani, sisi ndio wa kwanza kusema, "Ni wasiwasi tu, kunywa maji ulale." Zii! Moyo ukipiga bila mpangilio, damu hutuama ndani yake na kuganda. Bonge hilo likifika kwenye ubongo, ni kiharusi.

Ndio maana daktari hutoa dawa ya kutuliza mapigo, na wengine huongezewa warfarin, ambayo ukiimeza lazima upimwe damu mara kwa mara. Aliyewekewa vali ya chuma huimeza maisha yake yote. Sasa, nauli ya kwenda kupimwa nani anachanga? Hakuna. Anayekuja ni jirani na chupa ya miti shamba, eti aache "dawa za mzungu".

Wasee, huo si upendo. Akisema moyo unaenda mbio, mpelekeni apimwe. Akizimia, kifua kikibana au mdomo ukienda upande, msingoje asubuhi.