Filamu ya Tembo Tuliyoisubiri, na Sura Tuliyokuwa Nayo



Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, leo nina jambo la kukiri kabla sijalaumu mtu mwingine. Filamu ninayotaka kuizungumzia niliisifia mimi mwenyewe, kabla sijaiona.

Nyote mnajua watoto wetu wa hapa Buyenzi na Bwiza wanavyopenda katuni za Kijapani, hizo wanazoziita anime. Mtoto anaweza kusahau alipoishia kwenye Juzuu Amma, lakini Dragon Ball anaijua mwanzo hadi mwisho, tena kwa Kifaransa. Basi mwaka 2021 ilipotoka filamu iitwayo The Journey, yaani Safari, nilifurahi kuliko watoto. Kampuni ya Manga Productions ya Saudi Arabia ilikuwa imeungana na Toei Animation ya Japani, hao hao walioitengeneza Dragon Ball. Mwongozaji alikuwa Mjapani, Kobun Shizuno. Na kisa chenyewe kilikuwa cha Abraha na jeshi la tembo kuja kuibomoa Al-Kaaba! Nikawaambia wanafunzi wangu: "Subirini, sasa inakuja katuni yetu."

Tulisubiri sana. Hatimaye ndugu yetu mmoja aliyerudi likizo kutoka Muscat alikuwa nayo kwenye kompyuta yake. Jumamosi moja baada ya Laasiri watoto wakajaa sebuleni kwangu, mkeka hauonekani. Sauti ilikuwa ya Kiarabu, nami nikawa mfasiri, mara Kiswahili, mara Kirundi.

Nianze na haki yake. Picha ni nzuri, na hakuna uchafu wa kumfanya mzazi ainamishe kichwa mbele ya wanawe. Suala la kuchora visa vya mitume leo siliingii, masheikh wetu wameshalizungumza. Nazungumzia kisa tu.

Filamu inamfuata kijana aitwaye Aws, mfinyanzi wa vyungu mwenye siri nzito ya zamani. Abraha anapokaribia, Aws anashika upanga pamoja na watu wa Makka ili kuulinda mji. Katikati ya vita hadithi inasimama, na tunasimuliwa visa vya zamani: safina ya Nabii Nuh (A.S.), Nabii Musa (A.S.) na bahari, na watu wa Iram. Visa vitukufu, lakini vimepachikwa. Kila vita vilipoanza kupamba moto tulirudishwa nyuma, na watoto wakaanza kuniuliza: "Maalim, tembo wako wapi?" Filamu ya karibu saa mbili, na kabla haijafika mwisho wadogo wawili walikuwa wamelala.

Hata hivyo, kilichoniuma kilikuja wiki iliyofuata. Nilimwita mwanafunzi mmoja asome Suratul Fiil. Akaisoma vizuri, makharija yote mahali pake. Nikamuuliza: "Nani aliyeilinda Al-Kaaba?" Akajibu bila kusita: "Aws, Maalim."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Mtoto yule hakukosea kuangalia. Alichokijibu ndicho alichoonyeshwa, na aliyemkalisha pale ni mimi.

Hebu tuitazame sura yenyewe. Aya zake ni tano tu. Ndani yake hakuna shujaa hata mmoja wala upanga uliochomolewa. Mola Mlezi anatuuliza kama hatukuona alivyowafanya watu wa tembo, kisha anataja ndege, vijiwe vya udongo mkavu, na jeshi lililobaki kama majani yaliyotafunwa. Basi.

Na wanahistoria wetu wanatueleza jinsi Abdul Muttalib, babu yake Mtume (S.A.W.), alivyokwenda kwa Abraha kuomba arudishiwe ngamia wake 200. Abraha akamdharau: mtu gani huyu anauliza ngamia na haulizi nyumba ya ibada ya baba zake? Akajibiwa kwamba ngamia wana mwenyewe, na Nyumba ile nayo ina Mwenyewe atakayeilinda. Kisha Makureshi wakapanda milimani, wakaacha mji mtupu. Mnaona uzito wake? Mzee mmoja mbele ya mfalme mwenye jeshi, hana silaha, ana yakini tu. Ingekuwa mimi, ningewaomba watengenezaji waikalie hapo nusu saa nzima.

Lakini tamthilia ya siku hizi haitulii bila mpiganaji. Kwa hiyo filamu ilitaka yote mawili, mapanga na ndege. Matokeo yake yote mawili yamepungua. Ikiwa ndege watakuja, Aws alipigania nini? Na ikiwa Aws amepigana kwa ushujaa wote ule, mtoto atawaona ndege kama msaada uliochelewa. Sura inasema binadamu alishindwa na Allah akatosha. Filamu inasema binadamu alijitahidi sana, kisha akasaidiwa. Hayo ni mafundisho mawili.

Wengine watasema: "Maalim, bora hiyo kuliko hizo nyingine." Huenda. Lakini tusidhani jina la Makka kwenye kava linatosha. The Message ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 haikumwonyesha Mtume (S.A.W.) hata mara moja, na bado wazee wetu waliiangalia mpaka machozi. Alijua kitu gani cha kuacha. Hicho ndicho nilichokikosa hapa.

Simwambii mtu aitupe. Nashauri hivi: msimulie mwanao kisa kwanza, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Kisha kaa naye muiangalie pamoja. Ikiisha, muulize nani aliyeilinda Nyumba, na mrudi wote kwenye sura.

Nami nilifanya hivyo, kwa kuchelewa. Nilikaa na darasa, tukafunga vitabu, nikakisimulia kisa chote upya. Mwanafunzi yule yule akauliza: "Sasa watu wa Makka walifanya nini?" Nikamwambia walipanda mlimani wakaomba dua. Akafikiri kidogo, akasema: "Kumbe hiyo ni ngumu kuliko kupigana."

Allah awahifadhi watoto wetu, na atusamehe sisi tunaoahidi tusichokijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.