Mlango Mweupe Uliogeuka Manjano

Leo nataka kukiri kosa langu mbele yenu, ili nanyi msije mkalifanya.

Tulipopaka rangi nyeupe milango na fremu za madirisha, nyumba yetu iling'aa kama maziwa. Miaka miwili haijapita, mlango wa chumba cha ndani, kisichoingia jua, ukageuka rangi ya samli. Kufuta milango ilikuwa kazi ya binti yangu, basi nikamkaripia. Mtoto akashika sabuni, akasugua hata vidole vikamchubuka. Umanjano haukutoka. Nikasema ni uvivu. Kumbe hakuwa na kosa lo lote. Kosa lilikuwa ndani ya rangi yenyewe.

Yafaa tujue kwamba umanjano ni wa namna mbili. Wa kwanza hutoka nje: moshi wa kuni, masizi ya koroboi, mvuke wa mafuta ya kukaangia, na mikono yetu. Wa pili hutoka ndani. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, na mafuta yake, hasa yakiwa ya kitani, huendelea kubadilika miaka mingi. Mwanga huufifisha umanjano huo, giza huuzidisha. Ndiyo sababu fremu ya dirishani hubaki nyeupe, na mbao zilizo nyuma ya kabati hugeuka.

Kabla ya kumgombeza mtu, fanya hivi. Chukua kitambaa cheupe, kichovye katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, ufute mahali padogo. Kitambaa kikichafuka na weupe ukarudi, ni uchafu, endelea kufuta. Kitambaa kikitoka safi na mlango ukabaki manjano, acha kusugua. Fungua madirisha, vuta pazia, sogeza kabati. Baada ya majuma kadhaa ya mwanga, huenda umanjano ukapungua.

Mkitaka kupaka upya, shikeni haya:

Kwanza, mwulizeni mwenye duka rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao, wala si ile ya ukutani. Hiyo haigeuki manjano upesi kama rangi ya mafuta. Lakini haishiki vema juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Osheni mlango, mkwaruze kidogo kwa msasa, mtangulize rangi ya kwanza ya kushikisha, ndipo mpake nyeupe. Msiufunge mlango mapema, usije ukagandamana na fremu.

Pili, mbao za msonobari zina vifundo vyenye utomvu, nao hupenya na kuacha madoa ya manjano au kahawia. Mwambieni fundi avizibe kwanza kwa shelaki.

Tatu, jihadharini na dawa za kusafishia zenye amonia, ile yenye harufu kali ipandayo puani. Huharakisha umanjano wa rangi ya mafuta. Sabuni ya kawaida yatosha.

Nne, nalo ni kubwa kuliko yote: rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu inayodhuru akili za watoto. Msiikwaruze ikiwa kavu, wala msiichome moto. Lowesheni kwanza, na msasa uwe wa kutumia na maji. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Vumbi lisifagiliwe, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Nilipokwisha kuyajua haya, nilimwita binti yangu nikamwambia, “Mwanangu, nisamehe. Mlango ule haukuwa mchafu.” Akacheka, akasema, “Mama, mimi nilikuambia nimesugua.” Kweli aliniambia, ila mimi sikutaka kusikia. Mlango tumeupaka tena. Lakini neno la ukali haliwezi kupakwa rangi likafichika.

Kwaherini hata juma lijalo.