Uzamivu usimsahau mwenyeji wa utafiti

Afrika Kusini imejiwekea lengo kubwa la elimu. Mpango wa Taifa wa Maendeleo wa mwaka 2012 unataka ifikapo mwaka 2030 nchi hiyo iwe inatoa zaidi ya wahitimu 5,000 wa shahada ya uzamivu kila mwaka, ilhali mwaka 2010 walikuwa 1,420 tu. Ni lengo la kupongezwa. Hata hivyo, mjini Johannesburg, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki nao huenda kusaka shahada hiyo, kuna swali linalopaswa kujibiwa: je, wakazi wa Soweto na Alexandra, ambao hutembelewa na watafiti kila mara, watafaidika na nini?

Hapana shaka kuwa utafiti hauwezi kusimama bila ya wakazi hao. Mwaka 1990 ulianza mjini Johannesburg na Soweto utafiti wa Birth to Twenty, ulioandikisha watoto 3,273 waliozaliwa katika muda wa wiki saba, na kuwafuatilia hadi utu uzima. Kazi kama hiyo hudumu kwa sababu familia zimekubali kufungua milango yao mwaka baada ya mwaka. Huko Agincourt, mkoani Mpumalanga, ambako Chuo Kikuu cha Witwatersrand kimekuwa kikihesabu wakazi tangu mwaka 1992, matokeo hurejeshwa vijijini. Kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Tatizo liko katika usimamizi wa mafunzo. Waraka wa serikali wa mwaka 1997 uliitaja huduma kwa jamii kuwa ni wajibu wa vyuo vikuu. Lakini katika kanuni ya ruzuku ya utafiti, mhitimu mmoja wa uzamivu amehesabiwa sawa na makala tatu za kitaalamu, na mkutano na wakazi haukuhesabiwa kitu. Matokeo yake ni kuwa msimamizi humhimiza mwanafunzi amalize upesi, na mfadhili naye hufunga mfuko muda unapokwisha. Miezi ya kujuana na wakazi na kukubaliana nao swali la kutafitiwa haimo katika ratiba. Wakazi huitwa baada ya mambo kuamuliwa, na wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo.

Jamii nazo zimeanza kusema. Mwezi Machi mwaka 2017, Wasan wa Afrika Kusini walitangaza mjini Cape Town kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wakidai heshima, ukweli na haki kutoka kwa kila mtafiti.

Kwa maoni yetu, vyuo vikuu vifanye mambo matatu. Kwanza, mwakilishi wa wakazi awemo katika kikao kinachopitisha pendekezo la utafiti. Pili, muda wa kuandaa utafiti pamoja na jamii uhesabiwe na ulipiwe katika ufadhili, na wakazi wanaofanya kazi wapewe ujira wao. Tatu, mwanafunzi asipeleke tasnifu kwa watahini kabla ya kuwasomea wakazi matokeo kwa lugha yao.

Wapo watakaosema kuwa shahada hutolewa kwa kazi ya mtu mmoja, na haipimwi kwa kazi ya kamati. Hoja hiyo ina uzito. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi tangu mwanzo: ipi ni sehemu ya mwanafunzi, ipi ni ya wakazi, na taarifa zitahifadhiwa na nani.

Suala hili linatuhusu na sisi. Mtandao wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya uongozi wa kituo cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umewafunza wahadhiri wa Dar es Salaam, Makerere na Moi. Mazoea ya Johannesburg husafiri nao hadi kwetu. Ni matumaini yetu kuwa watakaorudi na shahada watarudi pia na ada ya kumheshimu mwenyeji wao.