SGR Iko Kajiado, Mbona Msee wa Kona Baridi Bado Anakwama kwa Jam ya Rongai?

Lazima ushaiona ile video ya treni ikipenya katikati ya jengo huko Chongqing, China. Stesheni inaitwa Liziba, na jengo lenyewe lina ghorofa 19. Watalii wanajaa hapo kupiga selfi. Mimi iliyonimaliza ni stesheni ya jirani, Niujiaotuo, ambapo laini ya 2 inakutana na laini ya 3. Unashuka treni moja, unatembea humo humo ndani, unadandia nyingine. Hakuna makanga wa kukuvuta shati.

Sasa rudi Kona Baridi na ule upepo wake. Ukitaka kufika tao asubuhi unateremka Kiserian, halafu Magadi Road inakungoja na jam ya Rongai. Mvua ikinyesha, fare inapanda kabla hujakaa.

Na kumbe reli iko hapo tu! Tangu Oktoba 2019 SGR inatoka Syokimau, inapita juu ya daraja la kilomita 6 ndani ya Nairobi National Park, inagusa Ongata Rongai na Ngong, inaingia handaki, inateremkia Mai Mahiu hadi Suswa. Stesheni ni safi, hakuna mtu anabisha. Lakini ziko mbali na stage, na treni za abiria ni chache, hazijapangwa na saa za msee anayekimbilia job. Kitengela nao wako karibu na stesheni ya Athi River. Ile treni inayosimama hapo ikitoka Mombasa asubuhi, inafika mchana. Bosi atakuwa ashakula lunch.

Hata ukiipata, haikufikishi tao. SGR ina upana wa milimita 1,435, na reli ya mkoloni inayoingia Nairobi Central ni milimita 1,000. Treni moja haiwezi kukanyaga zote mbili, so unashuka Syokimau uhamie ile ndogo. Tuwape haki yao: Syokimau kuhama kunawezekana, maana reli zote mbili ziko hapo na treni ndogo inakupeleka hadi tao. Hicho ndicho Rongai na Ngong zimenyimwa. Mathree zingepewa stage ndani ya geti la stesheni, treni ya saa kumi na mbili asubuhi iwepo, na tiketi moja ikufikishe tao, nani angejibanza Magadi Road masaa mawili?

Na usidhani hii si dooh yako. Tangu 2013 bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini zinakatwa ushuru wa reli, kwa hivyo unaichangia hata kama hujawahi kuipanda. Sasa serikali inataka kuisukuma hadi Kisumu na Malaba. Poa. Lakini mbunge wako wa Kajiado akija kuomba kura, muulize mathree gani itakuwa inangoja nje ya stesheni ya Ngong, na saa ngapi.