Ndege Isiyotujua

Sisi watu wa Ngara tuliijua ndege kwa macho kabla ya kuijua kwa tiketi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 150,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, na baadaye ndege za misaada zikawa zinatua kwenye kiwanja chetu. Siku hizo hakuna aliyesema kwamba Ngara ni mbali.

Mwaka uliofuata Tanzania, Uganda na Afrika Kusini zikarusha ndege ya ubia, Alliance Air. Tulioikumbuka East African Airways, iliyovunjika mwaka 1977, tulifurahi. Lakini ndege yenyewe ilikuwa Boeing 747SP, na safari zake za fahari zilikuwa za London na Dubai. Nyumba ile ilianza kujengwa kwa paa.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyojaza kupita kiasi, ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Sisemi kwamba Alliance ndiyo iliyoizamisha. Huo ungekuwa uzushi. Nasema kwamba wakati nchi mbili zinazochangia ziwa hilo zilikuwa na hisa katika ndege ya kwenda Ulaya, mtu wa Bukoba aligombea nafasi melini, na mtu wa Biharamulo alikesha safarini akiwahi kivuko cha Busisi.

Jibu nitakalopewa nalijua: huko kwenu hakuna abiria wenye fedha. Haya, na huko London walikokuwapo, faida iko wapi? Alliance ilijiendesha kwa hasara hadi ikasimama mwaka 2000. Kama hasara ilikuwa lazima tuipate, heri tungeipata kwa kuwahudumia wenyewe kwa wenyewe. Ndege ndogo ya abiria wasiozidi 20 hutua kwenye kiwanja cha changarawe, na wala haihitaji sherehe.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala ulikuja, ukapita. Basi, ndugu msomaji, siku utakaposikia tena habari za ndege ya ushirika, usiulize rangi za mkiani. Uliza mgonjwa aliyelazwa Murgwanza atafikaje Bugando kabla hajakata roho.