Semina Imekwisha, Jalada Bado Halijaonekana

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na mkisikia nilikokuwa mtanisamehe. Nilikuwa halmashauri. Sikwenda kutafuta habari, nilikwenda kumsindikiza shangazi.

Shangazi ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa, niseme, maana ametimiza miaka 60 na sirikali imemshukuru kwa barua ya mistari minne. Kafundisha miaka 36, darasa la kwanza na la pili, yaani wale wasiojua hata kushika penseli. Ili alipwe mafao yake anatakiwa kuwa na barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa madaraja. Nakala zake nyingine zililowa mvua ilipoingia ndani. Wakamwambia usihofu mwalimu, jalada lako lipo masjala. Kweli lipo. Ila halionekani. Njoo Jumanne.

Tumeshakwenda Jumanne tatu. Kila Jumanne kwake ni nauli ya basi kwenda na kurudi, na usiku mmoja wa kulala kwa ndugu wa marehemu mume wake, ambao wameanza kumuuliza mambo yake yanakwisha lini.

Jumanne ya pili tukaomba kumwona mkuu wa idara. Hayupo, yuko semina. Semina ya nini? Yule karani akajibu bila hata kutabasamu: "Ya kuboresha utendaji kazi."

Jamani! Nilitaka kucheka nikamwona shangazi anavyoshika mkoba wake kwa mikono miwili, nikanyamaza.

Sasa kabla sijawashukia wengine, nikiri yangu. Semina za namna hiyo nazijua vizuri kwa sababu nimeziandika. Nimekaa kiti cha nyuma kwenye kufunga na kufungua, nimekula soseji za chai ya saa nne, nimesubiri mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili, na nimesaini karatasi ya "nauli ya waandishi". Halafu nikarudi nikaandika kichwa cha habari kilekile kila mwaka: Watendaji wa halmashauri wanolewa. Sisi waandishi tunalipenda neno kunolewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kurudi baada ya miezi sita kuuliza hicho kisu kilichonolewa kimekata nini. Mimi sikurudi. Nimerudi sasa, kwa sababu ya shangazi, na bado sijakiona hicho kisu.

Hoja yangu leo ni moja. Tunafundisha watu wasio wahusika kuongoza maboresho kazini. Tunawafundisha mahali ambapo kazi haipo, kisha tunashangaa kazi haibadiliki.

Angalia jinsi inavyokwenda. Barua ya mwaliko inaingia kwa mkurugenzi. Mkurugenzi anaiandikia pembeni, inashuka kwa wakuu wa idara. Hapo inakwama, maana chini ya hapo hakuna barua ya semina inayofika, labda ile ya kumwambia dereva aweke mafuta. Posho inafuata cheo, na cheo kinafuata posho. Mkuu wa idara anaondoka siku tano, anarudi na begi jeupe lenye nembo, daftari na cheti. Anaandika taarifa ya safari kwa sababu bila hiyo masurufu hayarejeshwi. Taarifa inawekwa kwenye jalada. Na jalada hilo, niwahakikishieni, halipotei.

Sasa nikupeleke masjala. Pale kuna dada mmoja, simtaji jina wala halmashauri yake maana namtakia mema. Jumanne ya tatu alituonea huruma akatuita pembeni akatueleza kwa nini jalada la shangazi halionekani. Wakati wa uhakiki wa vyeti, 2016 na 2017, majalada ya walimu yalipandishwa juu kwa mamia ili yakaguliwe. Yaliporudi yalirudi ndani ya maboksi, yakasukumwa popote palipo na nafasi. Mengine yamepangwa kwa jina, mengine kwa namba, na walimu wenye majina yanayofanana wapo wengi. Tangu hapo ofisa yeyote akitaka jalada anaingia, anachukua, anaondoka nalo. Hakuna alama inayoachwa kwenye rafu.

Nikamuuliza, dawa yake ni nini? Dada hakufikiri hata dakika. Kila jalada likitoka, pale lilipokuwa iingie kadi ngumu yenye jina la aliyelichukua na tarehe. Mtu wa nje ya masjala asiingie ndani. Na kila Ijumaa mchana dirisha lifungwe, yeye na mwenzake washushe maboksi mawili wayapange kwa namba. Mahitaji ni kadi, kalamu za wino mzito, na rafu mbili za mbao. Alishamweleza bosi kwa mdomo, akaambiwa aandike. Akaandika. Akajibiwa kuwa litaangaliwa kwenye bajeti. Huo ni mwaka wa pili.

Huyo ndiye mtaalamu wa maboresho wa halmashauri ile. Hajawahi kuitwa semina hata moja. Bosi wake amekwenda tatu.

Mtaniambia, ndugu mwandishi, mambo haya ya kaizen ni ya Wajapani, sisi Bongo hatuwezi. Subirini kidogo. Wajapani wenyewe sehemu ya elimu hii waliletewa. Kati ya 1940 na 1945 Marekani ilikuwa ikijiandaa kwa vita, kisha ikaingia vitani, viwanda vimejaa watu wapya, mafundi wazoefu wamekwenda jeshini. Wakaanzisha mafunzo ya wasimamizi wa chini kabisa, wale wanaosimama karibu na mashine. Kozi ilikuwa vikao 5 vya saa 2, jumla saa 10. Watu kama 10 tu kwa kundi, na kila mmoja alitakiwa kuja na kazi halisi anayoifanya, aichambue mbele ya wenzake: hatua hii ya nini, ya lazima au tumeizoea tu? Kwa njia hiyo wakafundisha zaidi ya watu milioni 1.6. Fikiria, nchi tajiri kuliko zote wakati ule, na haikuona sababu ya kumpeleka msimamizi wa zamu hotelini siku tano. Vita haingoji chai ya saa nne.

Baada ya vita mafunzo hayo yakapelekwa Japani, na Wajapani wakayaongezea ya kwao. Toyota walianza utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951. Mwaka 1962 vikaanza vile vikundi vidogo vya wafanyakazi wenyewe kukaa na kujadili ubora wa kazi yao. Na kwenye mstari wa kuunganisha magari ipo kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, msimamizi anakuja mbio, na ikibidi mstari mzima unasimama. Haulizwi cheo chake wala haandikiwi barua ya kujieleza. Sasa jaribu kumwazia karani wa masjala akivuta kamba, halmashauri nzima isimame hadi jalada la mwalimu mstaafu lionekane!

Na msiseme hapa nyumbani haijawahi kuwezekana. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza njia hii kwa msaada wa JICA, baada ya Watanzania kujionea ilivyofanywa katika hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka. Sri Lanka, si Tokyo. Nchi yenye foleni na upungufu wa fedha kama sisi. Hata maneno tuliyapata ya kwetu: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ondoa usichohitaji, panga kilichobaki, safisha, weka utaratibu mmoja, kisha usiuache. Wanaofanya ni timu ndogo za wodini na idarani: wauguzi, wahudumu, watu wa dawa na maabara. Kutoka Mbeya wizara ikaipeleka katika hospitali nyingine. Kwa hiyo muuguzi wa Tanzania anaweza kuongoza maboresho kazini kwake. Hospitali ya wilaya iko chini ya halmashauri ileile yenye masjala ile. Ni mwajiri mmoja! Iweje mhudumu wa wodi aaminiwe kupanga kabati la dawa na karani asiaminiwe kupanga majalada?

Kuna watakaosema tatizo ni anasa. Hapana. Magufuli alipoingia mwaka 2015 alibana matumizi ya semina na safari, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Lakini kubana hoteli ni jambo moja, kubadilisha nani anakaa kwenye kiti ni jambo jingine. Ukiihamishia semina ileile kwenye ukumbi wa mkoa, ukapunguza soseji, ukawaita wakuu walewale, umeokoa fedha. Jalada la shangazi uko nalo? Huna.

Wengine watasema watumishi wa chini ni wavivu, wafuatiliwe tu. Tumewafuatilia sana. Tulikuwa na tathmini ya siri, mwaka 2004 ikaja OPRAS ya kujaza malengo, sasa ipo PEPMIS ya kwenye kompyuta. Sipingi kupima kazi. Ila kipimo hakijawahi kumpa mtu rafu. Ukimpima yule dada leo atapata alama ndogo kwa majalada yaliyopotezwa na watu waliomzidi cheo.

Na wapo watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba mshahara hautoshi na posho ndiyo inayosomesha watoto. Hili nalielewa, nami nilisaini ile karatasi ya nauli. Lakini basi tuseme ukweli kwamba tunaongeza mishahara kwa mlango wa nyuma, na tuache kuiita mafunzo. Tena tunawaongezea wale ambao tayari wanapata zaidi. Karani na mtendaji wa kata hawaoni ndani.

Mimi ningefanya hivi. Chuo cha Serikali za Mitaa tunacho, kipo Hombolo, Dodoma. Badala ya kungoja watu waje, walimu wake waende. Halmashauri ziko 184. Waanze na chache. Mwalimu akae masjala, dirisha la ardhi, mapokezi ya kituo cha afya, saa mbili kila asubuhi kwa wiki moja, watumishi wakiwa na kazi yao mikononi. Kila ofisi ichague kero moja ya mwananchi. Anayeongoza awe yule anayeishughulikia kila siku, apewe kwa maandishi saa zake za kufanya hivyo na kifungu kidogo cha fedha asichohitaji kukiombea saini tano. Mkuu wa idara naye afundishwe, ndiyo, lakini somo lake liwe fupi: jinsi ya kutoka njiani. Na mtu akianza kazi hiyo asihamishwe kabla haijakaa sawa, maana uhamisho wa ghafla umezika mipango mingi kuliko ukosefu wa fedha.

Hapo pa kutoka njiani ndipo penye ugumu kuliko yote. Mwaka 1972 nchi hii ilizifuta serikali za mitaa, ikaona mambo yaende kwa amri kutoka juu. Sheria za kuzirudisha zikapitishwa 1982, zikaanza tena kazi 1984. Halmashauri zimerudi zaidi ya miaka 40 iliyopita, lakini tabia ya kungoja kauli ya juu hata kwa rafu mbili za mbao nadhani haikuondoka na ile sheria iliyofutwa.

Jana dada wa masjala kanipigia simu. Kanunua kadi kwa fedha yake, kaanza na rafu moja, ile ya walimu. Bosi hajajua, na akijua sijui atasemaje. Kwenye boksi la pili kapata majalada sita ya wastaafu. La shangazi halimo. Kamwambia shangazi arudi Jumanne, na safari hii alete jina alilotumia kabla hajaolewa.