NENO LA NESI, SEHEMU YA 11: Mpenzi jasusi ni mtamu kwenye hadithi tu

Wiki iliyopita tuliongelea homa za watoto. Leo tunaweka dawa pembeni, tunaongelea hadithi. Msicheke, mtaona tunakofika.

Hapa Kibara, foleni ya kliniki ikiwa ndefu, wasichana wanainamia simu. Ukichungulia, ni simulizi za kijasusi. Sehemu ya 23, sehemu ya 24, itaendelea kesho. Komandoo au mtu wa usalama anampenda binti wa kawaida. Jina alilomtajia siyo lake. Anaondoka saa nane usiku, anarudi na risasi begani, binti anamfunga kidonda kwa kitambaa na haulizi kitu. Halafu kidonda chenyewe kinapona baada ya sehemu mbili! Sisi wa chumba cha vidonda tunacheka tu.

Mimi sizipingi hadithi hizi, na mimi mwenyewe nazisoma. Ni za kwetu kabisa. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi anayefukuzia nyaraka za wapigania uhuru mpaka Nairobi. Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Wazazi wetu walipokezana vitabu hivyo mpaka majalada yakachanika. Leo vimekuja vijukuu vyake kwenye simu, na mama anayenyonyesha saa tisa usiku anapata cha kumkesha. Sioni ubaya.

Ninachobisha ni kimoja: hadithi nyingi zinamfundisha binti kwamba kutouliza ndiyo mapenzi. Mwanamke mzuri ni yule anayepokea mtu asiyemjua jina, kwao wala kazi, akanyamaza. Anayeuliza anaonekana msaliti, au ndiye anayekufa katikati ya hadithi ili shujaa apate hasira. Angalau Nuru wa Mtobwa anamjua Joram ni nani, na anaingia naye hatarini kwa akili zake. Huyu wa kwenye simu hajui chochote, na tunaambiwa ndio uaminifu.

Chukueni mwanamke jasusi aliyeandikwa kuliko wote duniani, Mata Hari. Filamu zinamwonyesha na vito na ngoma za Paris. Jina lake lilikuwa Margaretha Zelle, Mholanzi. Mwaka 1895, akiwa na miaka 18, aliolewa na ofisa wa jeshi aliyemzidi kama miaka 20, aliyempata kupitia tangazo la gazeti la kutafuta mchumba. Akamfuata mpaka Java. Mume alikuwa mlevi na mpigaji. Mwaka 1899 mtoto wao wa kiume akafariki, hajafikisha hata miaka mitatu. Ndoa ikavunjika, na ndipo akaenda Paris kucheza. Wafaransa walimpiga risasi Oktoba 1917, na mpaka leo wanahistoria wanabishana kama kweli alikuwa jasusi wa maana. Sisi tunakumbuka vito. Mtoto aliyezikwa mbali na nyumbani nani anamkumbuka?

Sasa turudi Mara. Mkoa wetu unawajua wanajeshi wa kweli. Jenerali David Musuguri wa Butiama ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 kwenye Vita vya Kagera, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Waulizeni bibi zenu walioachwa na watoto wakati ule. Mume alikuwa na siri, ndiyo: hakusema kikosi kinakwenda wapi wala lini. Lakini bibi alijua jina lake, ukoo wake, kambi yake, na barua aiandike kwa anwani gani. Siri ilikuwa ya kazi. Mtu mwenyewe hakuwa siri.

Hapo ndipo pa kutofautisha, wamama. Tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa kwenye shambulio la Semuliki, mashariki mwa Kongo. Miili ilirudishwa nyumbani, familia zikapokea. Sasa fikiria mwanamke aliyezaa na askari "kwa siri kwa sababu ya kazi yake", asiyejulikana kambini wala ukweni. Siku kama hiyo anaanzia wapi? Nani atamjulisha? Mtoto ataombewa cheti cha kuzaliwa na mafao kwa jina lipi? Hadithi haifiki huko, maana shujaa wake hafi.

Na askari wa kweli bado ni afadhali. Wapo wanaume ambao jeshi wameliona kwenye gwaride la runinga tu. Anakuja mwaloni msimu wa dagaa, anasema yuko "kwenye kazi maalumu", usimpige picha, usiwaambie nyumbani. Akisafiri, namba haipatikani. Mwingine anaomba hela ya kumwingizia mdogo wako jeshini, wakati JWTZ wametangaza mara nyingi kwamba nafasi zao haziuzwi. Binti aliyekua na simulizi anaona ni kawaida. Kasoma hivyo mara mia.

Kwa hiyo, kwa nesi wenu, siri ya kazi ina mipaka yake.

Asikwambie kambi inafanya nini, sawa. Lakini jina lake kamili na kwao uvijue, na ndugu zake wawili watatu wakujue.

Asikwambie safari ni ya wapi, sawa. Lakini ukiwa mjamzito, hudhurio la kwanza la kliniki mje wote, mpime VVU na kaswende pamoja. Virusi havijui kitengo maalumu. Kama kweli yuko mbali kikazi, apime akirudi. Anayekataa kila mara kwa sababu ya "usalama" anaficha kitu kingine.

Akirudi kutoka operesheni halali, anashtuka, hataki kelele za mtoto, hilo ni jambo la kutibiwa na analo haki ya kusaidiwa. Mwambie twende hospitali. Ila kipigo siyo ukakamavu wa kijeshi. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na gwanda halimzuii mtu kushtakiwa.

Wanaoandika simulizi, najua baadhi yenu mko humu. Sitaki muache risasi na kufukuzana. Nawaomba tu mtuandikie mwanamke anayeuliza, na asife kwa sababu ameuliza. Tena wako wanawake wanaovaa gwanda wenyewe, hata manesi wenzangu wa Hospitali ya Jeshi Lugalo. Mkimwandika mmoja wao mimi nitasoma mpaka sehemu ya 200.

Na wewe binti unayesoma usiku huu na kichanga kifuani, endelea, sehemu ya 24 ni tamu. Ila huyo wa kwako, unajua jina la mama yake?

Niambieni hapo chini, wenye la siri waje inboksi. Wiki ijayo sehemu ya 12: chanjo ya miezi tisa mnayoisahau.